Obokano Ndani ya Hausi: Mzee Atapata Nini?

Ukipanda Probox mjini Kisii kwenda Nyamira usitarajie kuulizwa unapenda muziki wa aina gani. Utaketi pale utakapoonyeshwa, nusu juu ya kiti na nusu juu ya paja la jirani, na dereva ndiye diskojoki wako hadi mwisho wa safari. Mara ya mwisho nilipopita njia hiyo tulikuwa tisa, ukiwahesabu na kuku wawili, na kabla hatujafika mbali tulikuwa tumesikilizishwa wimbo mmoja mara tatu. Mama mmoja aliyekuwa amepakata kikapu cha chinsaga aliguna wimbo ulipoanza. Ulipoanza mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu nilimwona akikigonga kikapu kwa kidole, taratibu, sawasawa na ngoma.

Wimbo huo ni "Mwaki". Neno lenyewe ni la Kikuyu na maana yake ni moto. Mwimbaji ni Sofiya Nzau, Mkenya mwenzetu, na mtayarishaji ni kijana wa Brazili anayejulikana kwa jina la Zerb. Waliutoa mwaka 2023, na kabla wazazi wengi wa hapa hawajausikia ulikuwa umekwisha kuchezewa katika kumbi za Ulaya na watu wasioweza kuionyesha Kenya kwenye ramani. Nilimwuliza dereva mwimbaji anasema nini. Akanijibu, "Mimi sijui Kikuyu, lakini abiria hawalalamiki."

Nilikuwa nimekusudia kukuandikia juu ya kibao hicho pamoja na vinginevyo vya hausi na tekno vinavyotoka siku hizi vikiwa na lugha na ala za kwetu, kisha nikupe maoni yangu, basi. Lakini nilipoketi kuandika ilinijia barua ya mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mzaliwa wa Nyamira, na barua hiyo imenilazimu kubadilisha mambo. Jina lake nimelihifadhi.

Anasema hivi. Nyanya yake alipofariki, kwenye matanga alikuja mzee mmoja wa kijiji cha jirani na obokano yake, akapiga hadi usiku wa manane. Kijana akamrekodi kwa simu, dakika kumi na nne. Aliporudi Nairobi akamsikilizisha rafiki yake anayetengeneza muziki kwa tarakilishi chumbani kwake. Rafiki akakata kipande cha sekunde nane, akakizungusha, akatia ngoma ya hausi chini yake, na baada ya siku tatu kibao kikawa kiko mtandaoni. Watu wakakipenda. Mwezi haukwisha, kampuni ndogo ya muziki ya ng'ambo ikaandika kutaka kukinunua kwa mkupuo. Pesa si za kununua nyumba, lakini karo ya muhula zinalipa. Mzee hajui lolote. Baba wa kijana hataki hata kusikia habari hizo, kwa kuwa kwake yeye obokano ni ala ya vilabu vya pombe ambayo mtu aliyeokoka hana haja nayo. Kijana anamalizia kwa swali: "Je, nimemwibia mzee, ama nimemwokoa asisahaulike?"

Mzazi unayesoma ukurasa huu, usiruke hapa ukadhani haya ni ya vijana peke yao. Vumilia kidogo nikueleze hausi ni nini, maana ukishaelewa inavyotengenezwa utaona kwa nini swali la kijana huyu si jepesi.

Mjini Chicago, Marekani, kulikuwa na ukumbi ulioitwa Warehouse, maana yake bohari. Kuanzia mwaka 1977 diskojoki wake alikuwa Frankie Knuckles, mtu mweusi kutoka New York, na waliokuwa wakienda kucheza pale walikuwa zaidi weusi wenzake na Walatino. Alichukua nyimbo za disko, akazirefusha, akazidisha ngoma, akaunganisha huu na ule pasipo kusita. Watu wakaanza kuulizia katika maduka ya santuri "muziki wa Warehouse", na jina likakatwa mkia wa mbele ukabaki wa nyuma: house. Karibu na wakati huo huo, kule Detroit penye viwanda vya magari, vijana weusi watatu waliosoma shule moja ya Belleville, yaani Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walikuwa wakitengeneza muziki mkavu zaidi, wenye sauti ya mashine isiyojificha. Huo ndio tekno.

Kilichowezesha yote hayo ni mashine za ngoma za kampuni ya Roland ya Japani: ile ya 808 iliyotoka 1980 na ile ya 909 iliyotoka 1983. Zilipotoka wanamuziki wakubwa walizidharau kwa kuwa hazikulia kama ngoma halisi. Zikashuka bei, zikaangukia madukani kwa wauza vitu vilivyotumika, na huko ndiko vijana wasio na pesa walikozipata.

Siri ya hausi ni kwamba ngoma kubwa haikosi hata pigo moja. Moja, mbili, tatu, nne, zote zinapigwa, mara mia na ishirini na kitu kwa dakika moja. (Ukiona ni haraka, nenda Dar es Salaam usikilize singeli, ambayo hupita hata mia mbili. Mwaka 2017 ilitolewa albamu ya "Sounds of Sisso" na mpaka leo sijaweza kuimaliza nikiwa nimekaa chini.) Juu ya pigo hilo lisilochoka mtayarishaji huweka vipande: kinanda kidogo, sauti ya mtu, mstari mmoja wa besi. Kipande kikishapendeza hurudiwa na kurudiwa hadi mchezaji asahau saa. Na vipande hivyo, mara nyingi, hutoka kwa mtu mwingine.

Hapa ndipo penye mwiba, na wewe mzazi uliyecheza disko miaka ya tisini ulikuwapo ukichomwa bila kujua. Unaikumbuka "Pump Up the Jam"? Ilitoka 1989 na kundi la Technotronic la Ubelgiji. Ilifika nambari mbili Uingereza na nambari mbili Marekani, na hapa kwetu hapakuwa na disko la Krismasi bila wimbo huo. Kwenye video palikuwa na msichana mrembo mweusi akiimba na kucheza. Jina lake Felly, mwanamitindo. Lakini sauti haikuwa yake! Sauti ilikuwa ya Ya Kid K, binti mzaliwa wa Kinshasa aliyehamia Ubelgiji akiwa mtoto. Hata jalada la albamu lilitoka na picha ya Felly. Ulimwengu mzima ulikuwa ukirukaruka kwa sauti ya binti wa Kongo na hakuna aliyejua uso wake, hadi alipoanza kuonekana mwenyewe katika nyimbo zilizofuata. Mwaka huo huo kundi la Black Box la Italia lilivuma kwa "Ride on Time", wimbo uliojengwa kwa sauti ya Mmarekani Loleatta Holloway iliyotolewa katika santuri yake ya 1980, huku mwanamitindo mwingine akifumbua mdomo kwenye televisheni. Mama yule alidai haki yake na hatimaye alilipwa. Angekuwa mzee wa Nyamira asiye na wakili, sijui.

Sasa turudi kwa obokano.

Kama wewe ni mtoto wa mjini na hujawahi kuiona, fikiria bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili imetoka juu yake na kuunganishwa na mti wa kupita, na nyuzi nane kutoka kwenye mti huo hadi kwenye ngozi. Ni ndugu wa nyatiti ya Waluo, ambayo pia ina nyuzi nane, ila obokano ni kubwa zaidi na sauti yake iko chini zaidi. Wataalamu wa muziki waliwahi kuifananisha na ile fidla kubwa kuliko zote, inayopigwa mtu akiwa amesimama, na mimi naona hawakukosea. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi na kuiegemeza ala mwilini. Uzi mnene ukiguswa hausikii kwa masikio tu, unausikia tumboni, na pamoja na sauti yenyewe kuna mvumo wa kukwaruza kama wa nyuki ndani ya mzinga. Mvumo huo si kasoro. Ndio utamu wenyewe.

Basi angalia: kijana wa hausi katika jiji lolote hulala na kuamka akitafuta besi nzito, yenye mvumo, inayorudia mzunguko mmoja hadi mtu apagawe. Mzee wa Nyamira anayo sebuleni, imefunikwa gunia. Ndiyo maana sishangai kibao cha huyu mwanafunzi kilipendwa. Ninachoshangaa ni kwamba kimechelewa kutokea.

Lakini kuoanisha viwili hivyo si kazi rahisi, na kijana mwenyewe amenieleza taabu waliyoipata. Ngoma kubwa ya hausi na nyuzi nene za obokano hugombania chumba kimoja, kule chini kabisa kwenye sauti nzito, na ukizifungulia zote mbili hupati chochote ila tope. Rafiki yake alichofanya ni kuzipunguza nyuzi zile nene ili ngoma ipate nafasi, yaani alimwondolea mzee kile hasa kinachoifanya obokano kuwa obokano, akabakiza mkwaruzo wa juu. Tena mzee haendi kwa saa ya mashine. Watu wakichangamka huongeza mwendo, wakitulia hupunguza. Tarakilishi ilimvuta na kumbana mpaka akakaa sawa kama mwanajeshi kwenye gwaride. Na kwa kuwa obokano haikazwi nyuzi kufuata piano, walijaribu hata "kuisahihisha", kisha, nashukuru, wakaacha.

Majirani zetu wamepita njia hii kabla yetu, na kwa njia tofauti. Kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita vya Joseph Kony, Waacholi walifukarika mno hata familia nyingi hazikuweza tena kuliita kundi zima la ngoma ya larakaraka kwenye arusi, wale watu wengi na vibuyu vyao vilivyokatwa nusu vinavyogongwa kwa spoki za baiskeli. Otim Alpha, aliyewahi kuwa bondia, pamoja na mtayarishaji Leo Palayeng wakaziingiza nyimbo hizo za arusi kwenye tarakilishi, zikawa muziki wa mashine wenye kasi ya kukutoa jasho. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilizikusanya katika albamu iitwayo "Gulu City Anthems", zikafika Ulaya. Zingatia lakini kwamba aliyeimba ni Otim Alpha, jina la kwenye jalada ni Otim Alpha, na aliyesafiri kwenda kuzitumbuiza ni yeye.

Au chukua nyatiti. Wanamuziki wa London walikuja Nairobi wakakutana na mpiga nyatiti Joseph Nyamungu na mpiga ngoma Charles Owoko. Hawakumkata Nyamungu sekunde nane wakaondoka naye. Walimfanya mwanabendi. Bendi ikaitwa Owiny Sigoma Band, albamu ya kwanza ikatoka London mwaka 2011, na ya tatu, ya mwaka 2015, wakaiita "Nyanza". Humo utasikia mitambo ya densi ya Kizungu na nyatiti zikiheshimiana, hakuna anayembana mwenzake. Ukiniuliza mimi, kama wimbo, "Mwaki" ni mtamu zaidi, lakini kama mfano wa kufuatwa na mtu wa Kisii, ningemwonyesha "Nyanza".

Mfano wa tatu uko mlangoni kwetu, kwa Wakipsigis, ng'ambo tu ya mpaka ukipita Keroka kuelekea Sotik. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika huko na mitambo yake, akawarekodi wasichana wakiimba juu ya "Chemirocha", kiumbe waliyemzua baada ya kusikia santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers. Sauti hizo zikaenda kuhifadhiwa Afrika Kusini, zikasikilizwa na mabingwa wa muziki wa dunia nzima. Zilirudishwa kijijini baada ya zaidi ya miaka 60, wasichana wengi wakiwa wameshaiaga dunia. Sisemi Tracey aliiba. Bila yeye tusingekuwa na wimbo huo leo. Lakini miaka sitini!

Na sheria je? Wengi hudhani wimbo wa jadi hauna mwenyewe, kwa hiyo ni halali ya yeyote. Si kweli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka rejista. Hiyo ni haki ya jamii kwa wimbo. Kando yake iko haki ya mpigaji kwa namna alivyoupiga siku ile, na hii inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kwa hiyo hata kama mzee alipiga wimbo uliopigwa na babu wa babu yake, zile dakika kumi na nne za kwenye matanga ni kazi ya vidole vyake. Kumrekodi kwa simu hakukufanyi wewe mwenye mali. Anayekuuzia ng'ombe kwa kuwa alimpiga picha, utamwitia polisi.

Nilimjibu mwanafunzi kwamba ukiniuliza kama ameiba, nasema bado, lakini akitia sahihi karatasi ile ya ng'ambo bila mzee kujua, atakuwa ameiba. Nikamwambia pia kuuza kwa mkupuo ni hatari hata kwake mwenyewe, maana kibao kikija kutumiwa katika tangazo la biashara au filamu hatapata tena senti moja. Aombe mgao wa mapato, aombe jina la mzee liandikwe pale pale penye majina yao na si kwa maandishi ya chungu chini ya jalada, na kazi isajiliwe katika Bodi ya Hakimiliki kabla ya kumpa mtu yeyote. Mgao gani? Sheria haisemi. Mimi nilisema nusu iende kwa mzee, nusu wagawane vijana wawili. Rafiki yake wa Nairobi alikasirika. Anasema kazi ya usiku tatu ni yake na mzee hakufanya lolote jipya. Nami nikamwuliza, ondoa obokano humo, unabaki na nini? Akasema ngoma. Ngoma hiyo, nikamwambia, imo ndani ya kila tarakilishi Nairobi.

Kijana aliogopa kwenda kwa mzee peke yake, akaniomba tuandamane. Ndiyo iliyokuwa safari yangu ya Probox.

Tulimkuta nyuma ya nyumba akikata majani ya ng'ombe. Hakuwa na haraka. Tulikunywa chai kwanza, tukaulizwa za nyumbani, tukaulizwa za barabara, kijana akiwa anatoka jasho kama aliye mbele ya hakimu. Mwishowe akatoa simu na spika za masikioni, akamweleza mzee kwa Ekegusii alichofanya. Hakuficha hata habari ya pesa. Mzee akavishwa spika, akafumba macho. Mkono wake wa kulia ulianza kujongea juu ya goti. Wimbo ulipokwisha aliomba arudishiwe mwanzo, akasikiliza tena, kisha akazivua.

"Mbona mmeanzia katikati?" akauliza.

Hatukumwelewa. Akaeleza kwamba mtu haketi tu na obokano akaanza kupiga kama anayetwanga mahindi. Kwanza hukisalimu kile kijiji. Kisha hujitaja: mimi ni nani, mwana wa nani, natoka wapi, nani kaniita. Kwenye matanga humtaja na marehemu. Ndipo vidole vinapewa ruhusa. Kijana akakumbuka kwamba sehemu hiyo ilikuwamo, dakika mbili za mwanzo, na rafiki yake aliitupa kwa sababu haikuwa na mpigo wa kuzungushwa. Humo ndimo lilimokuwa jina la mzee, na humo ndimo lilimokuwa jina la nyanya yake.

Kijana aliinamisha kichwa. Mzee hakumkaripia. Aliuliza tu kama kile kipande kilichotupwa bado kipo, na alipoambwa kipo kwenye simu akasema basi hakuna kilichopotea. Kuhusu pesa hakuwa na maneno mengi. Ngozi ya obokano yake ina ufa na angependa mpya. Nusu aliikubali bila kujifanya hataki. Akasisitiza jambo moja, kwamba karatasi yoyote isomwe kwanza kwa Ekegusii mbele ya mwanawe wa kike, ambaye ni mwalimu, kabla ya yeye kuweka kidole.

Karatasi hiyo iliandikwa, ikasomwa, na wote watatu wakatia sahihi, yule wa Nairobi akiwa wa mwisho. Kampuni ya ng'ambo ilipoelezwa masharti mapya ilijibu kwa kuongeza pesa za mkupuo kidogo. Vijana walipokataa, ikanyamaza, na hadi ninapoandika haijajibu tena. Karo ya muhula kijana ameilipa kwa kukopa. Baba yake bado hajabadili nia kuhusu ala ile, ingawa nimesikia aliuomba wimbo achezewe, mlango ukiwa umefungwa, asikie mahali mama yake anapotajwa.

Maana wimbo umetengenezwa upya. Walirudi kwa mzee na maikrofoni ya kuazima, wakamrekodi mchana, ndani ya nyumba, ng'ombe na watoto wakiwa wametolewa mbali. Walimwacha apige wimbo mzima kwa mwendo wake, na ile salamu ya kwenye matanga wakaitia mwanzoni kama ilivyo, pamoja na kikohozi cha mtu na mbwa kwa mbali. Nyuzi nene zimeachiwa nafasi yao. Ngoma ya hausi ndiyo iliyopunguzwa, na haiingii mpaka dakika mbili zimepita. Wimbo wote ni dakika saba na kitu.

Nimempelekea diskojoki mmoja wa mjini Kisii. Alisikiliza salamu ile yote, uso ukiwa hauna habari, mpaka ngoma ilipoingia na mguu wake ukaingia nayo. Lakini anasema dakika mbili bila ngoma ni nyingi, watu watarudi kwenye viti na kuagiza soda. Nimemwomba aujaribu Jumamosi moja, mapema, kabla ukumbi haujajaa. Amesema atafikiri.